Maungio ya Matofali, na Namna ya Kuijua Kazi Njema ya Mwashi

Wasomaji, ukuta uliopigwa lipu ni kama mtu aliyevaa kanzu: makovu yake hayaonekani. Lakini ukuta wa matofali ya kuchoma ulioachwa wazi hauna nguo. Kila alilolitenda mwashi, jema na baya, limebaki juu yake, nalo litasomwa na kila apitaye njiani. Kuusoma ukuta namna hii ni elimu, tena si elimu ya waashi peke yao. Yampasa mzee wa mji ambaye fedha za watu wake zimejenga zahanati. Yampasa mwalimu ambaye watoto wake wataketi kando ya ukuta ule. Yampasa na kila mtu aliyeuza ng'ombe ili apate nyumba ya kudumu.

Mimi si mwashi. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kalamu na daftari. Nami naandika habari hizi kwa sababu kalamu yangu ilimdhulumu mtu, kwa kuwa sikuijua elimu hii.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa na wakubwa wangu kwenda kutazama nyumba mbili za walimu, zilizojengwa na mafundi wawili, kisha niandike ni fundi gani alipwe ujira wake wote na ni nani azuiliwe sehemu. Nilifika saa sita mchana, jua likiwa utosini. Ukuta wa nyumba ya kwanza ulinipendeza sana. Maungio yake yalikuwa meusi-meusi, laini, yamechorwa mistari iliyonyoka kama mistari ya daftari. Ukuta wa pili ulikuwa wa hali ya chini machoni: maungio yake yamebonyea kidogo, yana rangi ya mchanga, na rangi yenyewe hailingani sana kutoka safu za chini hata za juu. Nikaandika kwamba fundi wa kwanza alipwe, na wa pili azuiliwe.

Yule mzee wa pili hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu: "Bwana karani, umeutazama, hujaugusa."

Masika yalipokwisha niliitwa tena. Ile rangi nyeusi ya ukuta wa kwanza, ambayo ilikuwa saruji nyembamba iliyopakwa juu, ilikuwa imebambuka kama magamba. Nyuma yake maungio yalikuwa matupu. Penseli yangu iliingia hata nusu yake. Maji yalipita mpaka chumbani, na vitabu vya mwalimu vilioza ndani ya sanduku. Ukuta wa pili ulikuwa vile vile nilivyouacha, mkavu ndani na nje. Niliandika barua ya pili, na yule mzee alilipwa fedha zake. Lakini mwaka ule wote hakupewa kazi nyingine katika tarafa yetu, maana habari ya barua ya kwanza ilikuwa imekwisha kutangulia mbele yake.

Wazee husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilinunua kilichojitembeza. Tangu siku ile nimewafuata waashi hodari, nikawauliza, nikashika ukuta kwa mkono. Haya ndiyo niliyoyapata.

MAUNGIO NI NINI, NA KAZI YAKE

Mchanganyiko wa saruji au chokaa pamoja na mchanga waashi wengi huuita udongo, ingawa haufai kuwa na matope ndani yake. Nami nitauita udongo kama wao. Ule ukanda wa udongo ulio kati ya tofali na tofali ndio ungio. Yako maungio ya kulala, yapitayo chini ya safu nzima kutoka pembe moja ya nyumba hata ya pili. Na yako maungio ya kusimama, kati ya tofali na jirani yake katika safu.

Watu wengi hudhani kwamba ukuta ni matofali, na udongo ni gundi tu. Hebu tufanye hesabu. Tofali la kipimo cha Kiingereza la siku hizi lina urefu wa milimita 215 na kimo cha milimita 65, na ungio lake ni milimita 10. Ukipima uso wa ukuta wa namna hiyo, utaona kwamba karibu sehemu moja katika kila sita ni udongo, si tofali. Nani atanunua gunia sita za mahindi, moja ikiwa imeoza, asiseme neno?

Kazi ya maungio ni tatu. Kwanza, kusawazisha uzito. Matofali hayalingani kabisa. Ungio lililojaa hufanya kila tofali liketi juu ya kitanda kilicho sawa, na mzigo wa paa ushuke pasipo kuelemea mahali pamoja. Pili, kushikamanisha, ili ukuta uwe kitu kimoja, si lundo lililopangwa. Tatu, kuzuia maji na upepo. Mvua ikipiga ukuta, mara nyingi haipiti katikati ya tofali lililochomwa vema; hupita katika ufa mwembamba ulio kati ya tofali na udongo, au katika ungio lililoachwa wazi ndani.

WAKATI WA KUTAZAMA NA MAHALI PA KUSIMAMA

Kosa langu la kwanza lilikuwa saa. Usiuhukumu ukuta adhuhuri. Nenda asubuhi au jioni, wakati jua linapoupiga ukuta kwa ubavu. Mwanga wa namna hiyo huonyesha kila tofali lililotokeza na kila lililorudi nyuma, maana kila tuta dogo hutupa kivuli chake.

Simama kwanza mbali kiasi cha mita 3, yaani kama hatua nne za mtu mzima. Kutoka hapo angalia ukuta wote kwa pamoja: je, mistari imenyoka? Je, unene wa maungio ni mmoja? Kisha nenda kwenye pembe ya nyumba, weka shavu lako karibu na ukuta, uangalie kwa urefu wake. Utaona kama ukuta una tumbo. Mwisho usogee karibu, utumie mkono. Mtu aanzaye karibu huona doa dogo na kusahau nyumba. Naye aishiaye mbali hudanganywa kama nilivyodanganywa mimi.

MISTARI NA VIPIMO

Maungio ya kulala hupimwa kwa uzi. Vuta uzi wa mwashi kutoka pembe hata pembe, ukaze vema, ulinganishe na safu. Safu ikishuka katikati, yawezekana mwashi alijenga kwa uzi uliolegea. Ikipanda na kushuka kama mawimbi, huenda alijenga kwa jicho lake tu. Unyofu wa kusimama hupimwa kwa timazi, na ulalo wa safu kwa pimamaji.

Unene hupimwa kwa kijiti. Chukua ubao mwembamba ulionyoka, utie alama mahali ambapo kila safu ilipaswa kuishia. Kwa tofali la milimita 65 na ungio la milimita 10, kila safu hupanda milimita 75, na safu nne hufanya milimita 300, ambazo ni kama futi moja. Kwa matofali yetu ya kufyatua kwa mkono, pima matofali kumi, upate kimo cha kati, uongeze ungio, ndipo utie alama. Kijiti hiki mwashi mwema huwa nacho tangu siku ya kwanza, naye hukisimamisha kwenye pembe kila apandapo. Asiye nacho hufika juu ya dirisha akajikuta amekosa au amezidi, halafu hutafuta msaada kwa kuweka ungio nene kama kidole gumba. Basi ukiona juu ya madirisha au chini ya paa safu moja yenye udongo mwingi kuliko nyingine zote, jua ya kuwa hesabu ilipotea huko chini.

Lakini tuwe na haki. Matofali ya kufyatua kwa mkono na kuchomwa kwa tanuri la kuni hayatoki sawa. Yaliyo karibu na moto husinyaa zaidi, na mengine hupinda. Mwashi anayeyatumia hawezi kuweka milimita 10 kila mahali. Zikifika 12 au hata 15, si kosa lake. Ya kuangalia ni kama tofauti ile imegawanywa kwa akili ukuta mzima, au imetupwa mahali pamoja.

Maungio ya kusimama yana sheria mbili. Ya kwanza ni ya nguvu: ungio la safu moja lisikae juu ya ungio la safu iliyo chini yake. Tofali la juu lipande juu ya la chini kwa robo ya urefu wake, si pungufu. Nusu yafaa zaidi pale ambapo matofali yote yamelazwa kwa ubavu. Maungio yakifuatana moja kwa moja, ufa umekwisha kuandaliwa njia, nao utakuja siku ardhi itakapotikisika au msingi utakaposhuka kidogo. Sheria ya pili ni ya uzuri: maungio ya safu ya kwanza, ya tatu na ya tano yapangane katika mstari mmoja wa timazi, na ya pili, ya nne na ya sita vile vile. Yakiyumbayumba, ukuta hautaanguka kwa hilo, lakini yaonyesha kwamba mkono uliharakisha.

JE, YAMEJAA?

Hapa ndipo penye siri kubwa, na hapa ndipo penye udanganyifu. Mwashi mvivu, au yule anayelipwa kwa hesabu ya matofali ya siku, hupaka udongo kwenye kingo za tofali tu, mbele na nyuma, akaliweka. Kwa nje ungio laonekana limejaa, kumbe katikati ni pango. Wengine huchimba mfereji mrefu kwa ncha ya mwiko katikati ya udongo, ili tofali lishuke upesi, na mfereji ule haujai tena.

Ukiwa mahali pa kazi, dawa yake ni rahisi. Mwombe fundi ainue tofali moja alilolilaza sasa hivi. Tazama upande wa chini: udongo uwe umeshika uso wote, pamoja na ncha za pembe. Ukiona mistari miwili tu ya udongo kando kando, na katikati tofali kavu, umekwisha kuujua ukuta mzima. Fundi mwema hatakasirika. Atainua la pili pasipo kuombwa. Kama tofali lina kibonde upande mmoja, kibonde kile kielekee juu na kujazwa, wala kisifunikwe chini kikiwa kitupu.

Nyumba ikiwa imekwisha, chukua msumari mwembamba au waya mgumu, ujaribu kwa upole katika maungio ya kusimama, maana ndiyo yaachwayo matupu mara nyingi kuliko ya kulala. Jaribu mahali kumi, si mahali pamoja. Tena jaribu nyuma ya nyumba na juu, ambako fundi alidhani hakuna atakayepanda.

SURA YA UNGIO

Udongo ukianza kukaza, mwashi huyamaliza maungio kwa kuyakandamiza. Wakati wake hujulikana kwa kidole gumba: ukibonyeza, alama ibaki, lakini udongo usishike kidoleni. Akiwahi mno, udongo huwa laini na kupaka uso wa tofali; akichelewa, hukwaruza tu, asikandamize kitu.

Sura ifaayo sana kwa nchi ya mvua ni ile ya kubonyea kidogo kama tumbo la kijiko, ifanywayo kwa chuma cha mviringo. Chuma kile huusukuma udongo kwenye kingo za matofali ya juu na ya chini, na kuufanya uso wake uwe mgumu, vitundu vyake vikazibwa. Hiyo ndiyo sura ya ukuta wa yule mzee niliyemdhulumu. Iliyo njema pia ni ile ya mteremko, ambayo udongo wake umeingia ndani kidogo juu na kutokea chini hata kulingana na uso wa tofali, ili maji yateleze na kuanguka. Lakini mteremko ukigeuzwa, sehemu ya chini ikawa ndiyo iliyoingia ndani, tofali la chini hubaki na kibao ambacho maji hukaa juu yake. Ni kosa dogo machoni, nalo huugharimu ukuta kila mvua. Vile vile maungio yaliyokwanguliwa ndani sana hutupa kivuli kizuri, lakini hayafai mahali mvua inapopiga. Yaweke barazani, chini ya paa.

UGUMU NA MSHIKAMANO

Udongo ukiisha kukauka kwa majuma kadhaa, ukwaruze kwa msumari. Ukiwa mwema utaacha mkwaruzo mwembamba. Ukiwa mbaya utamwagika kama unga. Umwagikao huenda ulikosa saruji, au ulikuwa na mchanga wenye matope, au ulichanganywa asubuhi, ukaanza kukaza, kisha ukaongezwa maji mchana na kutumiwa tena. Udongo wa saruji yafaa utumike katika muda wa saa mbili tangu kutiwa maji, na jua likiwa kali, kabla ya hapo. Ulioanza kushika utupwe. Najua ni uchungu kuona saruji ikitupwa, lakini ni uchungu zaidi kuiona ikianguka ukutani.

Tena angalia mahali udongo unapokutana na tofali. Pakiwa na ufa mwembamba kama unywele, pande zote za tofali, mara nyingi sababu ni kiu. Tofali kavu la kuchoma hunywa maji ya udongo upesi, kabla saruji haijayatumia. Hivyo matofali yenye kiu hulowekwa kabla ya kujengwa, kisha huachwa mpaka uso wake using'ae kwa maji. Yakiwa yamejaa maji pia hayashiki, huteleza tu. Liko jaribio dogo la kujua kiu ya tofali. Chora juu yake duara yenye upana wa inchi moja, utone ndani yake matone 20 ya maji. Yakinywewa yote kabla ya dakika moja na nusu, tofali lile latakiwa kuloweshwa.

Mchanga nao una jaribio lake. Tia mchanga katika chupa ya kioo hata karibu nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa sana, uache kwa saa tatu. Mchanga utashuka chini, na utando wa matope utakaa juu yake. Mchanga ukiwa na kimo cha milimita 100, utando ule usizidi milimita 8. Ukizidi, uoshwe mchanga au utafutwe mwingine. Nao mchanga wa pwani ya bahari usitumike kabla ya kuoshwa, kwa sababu ya chumvi.

Hapa nataka kuonya juu ya kosa la watu wema. Wengi hudhani kwamba saruji ikizidi, ukuta huzidi ubora. Sivyo. Udongo haufai kuwa mgumu kuliko tofali. Ukuta wote hujongea kidogo, kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Udongo ukiwa laini kuliko tofali, ufa mdogo hupita katika maungio, nayo hutengenezwa kwa bei ndogo. Udongo ukiwa mgumu kama jiwe na tofali likiwa laini, ni tofali lipasukalo; tena maji yaliyoingia hushindwa kutoka katika maungio, hutoka katika uso wa tofali na kuubandua. Kwa sababu hiyo nyumba za zamani zilizojengwa kwa chokaa zisizibwe kwa saruji tupu. Kwa ukuta mpya wa kawaida, kipimo kitumiwacho na wengi ni saruji sehemu moja, chokaa sehemu moja, na mchanga sehemu sita, vikipimwa kwa sanduku, wala si kwa koleo, maana koleo moja si sawa na jingine.

YASIYO MAKOSA, NA YALIYO UDANGANYIFU

Rangi ya maungio ikibadilika kidogo kutoka kazi ya jana hata ya leo, si dalili ya wizi. Mchanga wa gari moja si mchanga wa gari la pili. Waashi waangalifu hawajengi kimo kizidicho mita 1 na nusu kwa siku moja, ili udongo wa chini usilemewe. Basi alama ya siku na siku yaweza kuonekana, nayo ni alama ya subira. Mimi niliisoma kama uzembe.

Unga mweupe ujitokezao juu ya matofali mapya ni chumvi iliyoletwa nje na maji wakati ukuta unapokauka. Upanguse kwa brashi kavu. Ukirudi kila mwaka baada ya mvua, hapo ndipo uulize maji yanaingia wapi.

Ama udanganyifu, ni wa kale. Huko Uingereza, tangu zaidi ya miaka 200 iliyopita, walikuwapo mafundi waliojaza maungio mapana kwa udongo wenye rangi ya tofali, kisha wakaweka juu yake ukanda mwembamba wa chokaa nyeupe, ili ukuta wa matofali ya bei rahisi uonekane kama wa matofali yaliyochongwa kwa gharama kubwa. Kazi ile ilihitaji ustadi, na kuta nyingine bado zapendeza. Lakini jicho liliambiwa jambo lisilo kweli. Wala si kila rangi ni uongo. Mjini Chicago, Marekani, iko nyumba iitwayo Robie House, iliyojengwa kwa mchoro wa Frank Lloyd Wright na kumalizika mwaka 1910. Ndani yake maungio ya kusimama yametiwa rangi ya tofali na kusawazishwa na uso wake, na ya kulala yameachwa meupe-meupe na kuingia ndani, ili nyumba yote ionekane imelala na kunyooka. Mwenye nyumba alijua, na fundi alijua. Tofauti ya pambo na udanganyifu ni hiyo: pambo huwekwa juu ya kazi iliyojaa, udanganyifu huwekwa juu ya pango.

Wala tusidhani kwamba kazi njema ni ya mbali tu. Huko Blantyre, katika nchi ya Malawi, kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote lilijengwa kwa matofali kati ya mwaka 1888 na 1891, kwa mikono ya wenyeji waliofundishwa kazi pale pale. Juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, kanisa kuu la matofali liliungua kwa radi mwaka 1910. Lililopo sasa, la matofali vile vile, lilifunguliwa mwaka 1919. Limepitisha miaka zaidi ya 100 ya mvua za Uganda. Mwenye nafasi ya kufika huko asitazame minara na vioo peke yake. Ausogelee ukuta, aweke kidole katika maungio.

KUMHUKUMU FUNDI KWA HAKI

Baada ya haya yote, liko swali ambalo kijiti na timazi haviwezi kulijibu: kosa ni la nani? Kama mwenye nyumba ndiye aliyeleta mchanga wa matope, fundi asilaumiwe kwa udongo umwagikao, isipokuwa alinyamaza. Kama maji yalikosekana hata matofali hayakuloweshwa, aulizwe aliyeahidi maji. Na kama fundi analipwa kwa hesabu ya matofali ya siku, wala hakuna aendaye kutazama, sisi wenyewe tumemfundisha kuacha mapango.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kazi kuanza, fundi ajenge ukuta mdogo wa mfano, mita moja kwa mita moja, kwa mchanga ule ule na matofali yale yale. Mwenye nyumba na fundi wautazame pamoja, wakubaliane, na ukuta ule usibomolewe mpaka siku ya malipo. Siku ile hakutakuwa na maneno mengi. Kila mmoja ataonyesha kwa kidole. Pili, atakayehukumu aende wakati kazi inaendelea, ainuliwe tofali, wala asingoje mpaka udongo umekwisha kufunika siri zake. Tatu, ukuta mpya utunzwe: ufunikwe kwa magunia au majani ya migomba, upate unyevu siku chache, jua lisiunyang'anye maji yake. Ukuta ulioachwa ukauke upesi huharibika hata kama mwashi alikuwa hodari, na lawama humwangukia yeye.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba usipojua ufa umetoka wapi, utamfukuza aliyejenga vema na kumwita tena aliyeharibu. Yule mzee alikuja kufanya kazi kwetu baadaye, kujenga stoo ya chama cha wakulima. Nilikwenda kumtazama siku ya pili ya kazi, asubuhi, jua likiwa la ubavu. Kabla sijasema neno aliinua tofali, akaligeuza, akanionyesha. Lilikuwa limejaa hata pembeni. Nilivua kofia, nikaweka kidole changu katika udongo ule mbichi, nikaandika katika daftari niliyoyaona.